Ligi za kanda za daraja la pili kwa wanawake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Daraja la pili la kanda ni nini hasa?

Ni ngazi iliyo chini tu ya ligi kuu ya nchi, ila badala ya kuchezwa kama ligi moja ya nchi nzima imegawanywa kwa jiografia: Kaskazini na Kusini, au Mashariki, Magharibi na Kati. Kila kanda ina msimamo wake, bingwa wake na timu zake za kushuka. Timu za kanda tofauti hazikutani hadi kwenye mchujo wa mwisho wa msimu, au zikipangwa pamoja kwenye kombe la shirikisho.

Jina lisikuchanganye. Nchi nyingi huita ngazi hii Daraja la Kwanza, kwa sababu iliyo juu yake inaitwa Ligi Kuu. Hispania nako ngazi ya pili inaitwa Primera Federación, na "primera" maana yake ni "ya kwanza". Hesabu ngazi kutoka juu, usihesabu kwa jina.

Kwa nini isiwe ligi moja tu ya nchi nzima?

Kwa sababu ya nauli, na kwa sababu ya Jumatatu. Wachezaji wengi wa ngazi hii ni wanafunzi au wana ajira nyingine. Chukua safari ya kilomita 400, basi likienda kilomita 70 kwa saa. Ukiweka mapumziko ya nusu saa njiani, unapata saa sita na robo. Mechi ni saa nane mchana Jumapili na timu inatakiwa uwanjani dakika 90 kabla, kwa hiyo basi linaondoka saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mpira unaisha karibu saa kumi jioni. Wakioga, wakila na kuondoka saa kumi na moja, wanashuka kwenye basi saa tano na robo usiku, na asubuhi kuna kazi.

Safari moja ya namna hiyo kwa mwezi inabebeka. Zikiwa kumi kwa msimu, kocha anaanza kusafiri na wachezaji 13 badala ya 18, na wanaobaki nyumbani mara nyingi ni wale wenye ajira nzuri au watoto wadogo. Kanda zinapunguza safari hizo, na zinapunguza mechi pia: ligi moja ya timu 20 ni raundi 38, wakati makundi mawili ya timu 10 ni raundi 18 kila moja.

Mbona nchi kadhaa zimeuacha mfumo huu?

Ni kweli, na ni nyingi. Sweden ilikuwa na kanda mbili, Norrettan na Söderettan, ikaziunganisha kuwa Elitettan mwaka 2013. Ujerumani ilicheza daraja la pili la Bundesliga kwa makundi ya Kaskazini na Kusini, timu 12 kila moja, tangu 2004 hadi 2018, kisha ikabaki na ligi moja ya timu 14. Italia iliachana na makundi manne ya Serie B na kuanza msimu wa 2018/19 na kundi moja la timu 12. Hispania ilifuata msimu wa 2022/23, Ufaransa 2023/24.

Sababu inafanana kote: pengo kati ya bingwa wa kanda na ligi kuu lilikuwa kubwa mno. Timu inashinda 7–0 kila wiki kwenye kanda yake, inapanda, halafu mwaka mmoja baadaye inarudi ilikotoka. Ligi moja inakusanya timu ngumu pamoja.

Ila mageuzi haya yana gharama ambayo haisemwi sana. Angalia hesabu ya Ujerumani: nafasi 24 zikawa 14. Nafasi kumi zilitoweka kwa mpigo mmoja, na klabu iliyomaliza katikati ya msimamo ilijikuta ngazi ya tatu bila kufanya vibaya sana. Shirikisho likitangaza kuunganisha kanda, soma kwanza nafasi zinazobaki kwa kila kundi, maana msimu wa mwisho kabla ya kuunganisha ndio mkali kuliko yote. Na kwa nchi kubwa yenye barabara mbaya na klabu zisizo na wafadhili, kanda bado ndizo chaguo la busara.

Kundi liwe na timu ngapi?

Kumi au kumi na mbili. Timu 10 zinacheza mechi 18 kila moja, jumla 90 kwa kundi. Timu 12 zinacheza mechi 22, jumla 132. Chini ya nane, wachezaji wanakaa bila mechi za ushindani kwa miezi.

Epuka idadi ya witiri ukiweza. Timu 11 zinahitaji raundi 22 japo kila timu inacheza mechi 20 tu, kwa kuwa kila wiki kuna moja inayopumzika. Timu inayopumzika raundi ya mwisho inakaa kusikiliza matokeo ya wenzake bila uwezo wa kufanya lolote. Ikilazimu, panga raundi ya mwisho apumzike aliyeonekana mapema hana cha kupoteza, na hilo liandikwe kwenye kanuni kabla ya msimu. Ukilipanga baadaye utaambiwa umependelea.

Nani anapanda?

Kuna njia tatu kuu.

Ya kwanza: kila bingwa wa kanda anapanda moja kwa moja. Ni safi, lakini inawezekana tu kama nafasi za ligi kuu zinatosha. Ujerumani ilifanya hivyo wakati wa makundi mawili: wawili wanapanda, wawili wanashuka.

Ya pili: bingwa dhidi ya bingwa, mechi moja uwanja huru au nyumbani na ugenini. Hapa timu inaweza kumaliza msimu bila kufungwa, ikapoteza dakika 90 na ikabaki palepale. Wengi wanaona ni uonevu. Ni kweli, lakini ndivyo hesabu ilivyo makundi yakiwa mengi kuliko nafasi. Kabla ya 2019 Hispania ilikuwa na makundi saba ya daraja la pili, moja likiwa la visiwa vya Kanari peke yake, na nafasi mbili tu za kupanda. Kwa hesabu hiyo, kuwa bingwa wa kanda ni tiketi ya mchujo tu.

Ya tatu: ligi ndogo ya mabingwa watatu au wanne, inayochezwa kwa siku chache kwenye kituo kimoja. Ya watatu ina tatizo lake: kuna mmoja asiyecheza mechi ya mwisho, na wawili waliobaki wanajua matokeo yanayowatosha wote. Dawa inayotumika ni kwamba aliyefungwa mechi ya kwanza ndiye anayecheza ya pili, ili aliyeshinda abaki na mechi ya mwisho. Kama ya kwanza ni sare, mpangilio ufuate droo iliyochezeshwa kabla.

Jambo moja la kuangalia kwenye nyumbani na ugenini: bao la ugenini, yaani jumla ya mabao ikilingana, anapita aliyefunga mengi zaidi ugenini. UEFA iliifuta kanuni hiyo kuanzia msimu wa 2021/22 na mashirikisho mengi yakafuata, lakini bado utakuta kanuni za ligi ambazo hazijarekebishwa. Kinachohesabika ni kanuni zilizochapishwa za msimu huo.

Kwa nini idadi ya timu zinazoshuka haijulikani mpaka mwisho?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi kuliko yote, na jibu lake ni hesabu tu. Kalamu na karatasi vinasaidia.

Chukua ligi kuu inayoshusha timu mbili. Chini yake kuna Kaskazini na Kusini, timu 10 kila moja. Kila bingwa anapanda, na ngazi ya tatu inaleta timu moja kwa kila kanda. Mwaka wa kawaida, timu zinazoshuka kutoka ligi kuu ni moja ya kaskazini na moja ya kusini. Kila kundi linatoa bingwa, linapokea aliyeshuka, linashusha wa mwisho, linapokea aliyepanda kutoka chini: 10 − 1 + 1 − 1 + 1 = 10. Hakuna kelele.

Sasa timu zote mbili zinazoshuka ni za kusini. Kusini inakuwa 10 − 1 + 2 − 1 + 1 = 11. Kaskazini inakuwa 10 − 1 + 0 − 1 + 1 = 9. Shirikisho lina mambo matatu ya kuchagua:

Kusini ishushe timu mbili na Kaskazini isishushe hata moja. Makundi yanarudi kumi kumi, lakini timu ya tisa Kusini inashuka wakati ya kumi Kaskazini inabaki.

Au mpaka wa kanda usogezwe: klabu ya kusini iliyo karibu zaidi na kaskazini ihamishiwe huko. Klabu hiyo italalamika kwa sababu derbi zake zote zimepotea na safari zimeongezeka. Ndiyo njia yenye haki zaidi, kwa maoni yetu, mradi kigezo kiwe umbali wa barabara na sio mstari wa ramani. Mlima au ziwa katikati hufanya kilomita 80 za ramani kuwa 250 za basi.

Au makundi yachezwe hivyohivyo, 11 na 9. Kusini watacheza mechi 20 kila timu, Kaskazini 16. Rahisi kutangaza, ila inaleta shida ya kulinganisha timu za makundi mawili, ambayo tutaifikia.

Kwa hiyo ukiwa na timu iliyo nafasi ya tisa Kusini, usikague msimamo wako pekee. Angalia mkia wa ligi kuu. Timu ya kusini inayopigania kubaki huko juu ndiyo inayokushikilia wewe huku chini, hata kama ni mahasimu wako. Na kama ligi kuu inamalizika wiki moja baada ya ligi yenu, mtakaa wiki nzima bila kujua mko ngazi gani.

Timu mbili zimelingana pointi. Nani bingwa?

Inategemea kanuni zinaanza na nini. Ujerumani huanza na tofauti ya mabao ya msimu mzima. Hispania huanza na mechi za wawili hao wenyewe kwa wenyewe. Mfano: A na B wana pointi 39 baada ya mechi 18. A ana mabao 38 ya kufunga na 17 ya kufungwa, yaani +21. B ana 44 kwa 20, yaani +24. Walipokutana A alishinda 3–1 kwake na B akashinda 1–0 kwake. Kwa tofauti ya mabao bingwa ni B. Kwa mechi zao wenyewe A ana 3–2, na bingwa ni A. Matokeo yaleyale, mabingwa wawili tofauti.

Kwenye ligi za wanawake za ngazi hii tofauti ya mabao ina udhaifu wake: kukiwa na timu moja dhaifu sana, ubingwa unaweza kuamuliwa na nani aliikuta ikiwa na wachezaji tisa. Wakilingana watatu kwenye kanuni ya mechi za wenyewe kwa wenyewe, unatengeneza msimamo mdogo wa hao watatu tu. Akitoka mmoja, soma kama kanuni inasema uanze upya na wawili waliobaki au uendelee na kigezo kinachofuata. Kamati nyingi hukosea hapo.

Mnalinganishaje washindi wa pili wa makundi yenye idadi tofauti ya timu?

Kwa wastani wa pointi kwa mechi. Timu yenye pointi 44 kwa mechi 20 ina 2.20. Yenye 41 kwa mechi 18 ina 2.28, nayo ndiyo iko juu. Njia nyingine ni kufuta matokeo dhidi ya timu ya mwisho ya kundi kubwa. Ina mantiki, ila inamwadhibu aliyeifunga timu hiyo na kumsamehe aliyefungwa nayo.

Wastani umewahi kuamua ubingwa mkubwa. Ligi kuu ya wanawake ya Uingereza ilipokatizwa msimu wa 2019/20, Manchester City walikuwa juu na pointi 40 kwa mechi 16, Chelsea 39 kwa mechi 15. Wastani ulikuwa 2.50 kwa 2.60, na kombe likaenda Chelsea.

Timu ikijitoa katikati ya msimu?

Kanuni nyingi hufuta matokeo yake yote, kana kwamba haikucheza. Nyingine zinaweka mstari: ikijitoa kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza, yanafutwa, ikijitoa baadaye, yaliyochezwa yanabaki na yaliyosalia ni ushindi wa mezani 3–0 kwa wapinzani. Kufuta kunauma. Uliyeifunga 9–0 unapoteza pointi tatu na mabao tisa. Aliyefungwa nayo 1–0 anapona kabisa. Kadi hubaki hata matokeo yakifutwa, isipokuwa kanuni iseme vinginevyo, na wachezaji wengi hukamatwa hapo.

Ushindi wa mezani unatolewa lini?

Timu isipofika, ikigomea mechi, ikibaki na wachezaji chini ya saba, au ikichezesha mamluki, yaani mchezaji asiyeruhusiwa kucheza mechi hiyo. Saba ni Sheria ya 3 ya mchezo: mechi haianzi wala haiendelei chini ya hapo. Matokeo ya kawaida ni 3–0, na kama aliyekosewa alikuwa ameshinda kwa tofauti kubwa zaidi, mabao yake yanabaki.

Mamluki wengi wa daraja hili hawatoki kwenye udanganyifu. Wanatoka kwenye daftari lisilojazwa: mchezaji mwenye adhabu ya kadi aliyehamia klabu mpya, na klabu mpya haikujua kwamba adhabu inamfuata mchezaji. Katibu wa timu awe na karatasi yake ya kadi, dakika na mechi, asitegemee tovuti ya shirikisho.

Timu B ya klabu ya ligi kuu inaruhusiwa kucheza?

Mara nyingi ndiyo, lakini haipandi. Ujerumani na Hispania ndivyo zinavyofanya. Timu B ikimaliza ya kwanza, nafasi ya kupanda inakwenda kwa inayofuata, kwa hiyo tafuta nafasi ya kupanda kwa kuziruka timu B kwenye msimamo. Jambo lenye kero ni kushuka kwa wachezaji: wiki ligi kuu ikipumzika, timu B inaweza kuja na wachezaji watano wa kikosi cha kwanza. Kanuni nzuri huzuia mchezaji aliyevuka idadi fulani ya mechi huko juu asirudi chini, hasa raundi za mwisho.

Tumekuwa mabingwa. Tunaweza kukataliwa kupanda?

Mnaweza. Ubingwa ni sharti moja, leseni ya klabu ni la pili: uwanja, hesabu zilizokaguliwa, kocha mwenye cheti cha ngazi inayotakiwa, daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo, timu za vijana. Doncaster Rovers Belles walishinda ngazi ya pili ya Uingereza msimu wa 2017/18, wakaondoa ombi lao la leseni kwa sababu za fedha, na msimu uliofuata wakacheza ngazi ya tatu. Sunderland, waliokuwa ligi kuu msimu huohuo, wakakosa leseni na kuangukia ngazi hiyohiyo ya tatu.

Anzeni maombi mzunguko wa kwanza ukiisha, hata kama mko nafasi ya nne. Kinachochelewesha karibu kila mara ni mkataba wa uwanja, kwa sababu mwenye uwanja ana ratiba ya timu ya wanaume na hatii sahihi mpaka aijue.

Mchezaji anayelipwa posho ni wa kulipwa?

Kwa FIFA, mchezaji wa kulipwa ana mkataba wa maandishi na analipwa zaidi ya gharama anazotumia kucheza. Nauli na chakula peke yake ni ridhaa. Kwa mwenye mkataba wa kulipwa, tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa likizo ya uzazi ya wiki zisizopungua 14, nane kati yake baada ya kujifungua, kwa angalau theluthi mbili ya mshahara. Wa ridhaa, ambao ndio wengi huku, hawana kinga hiyo mpaka kanuni za nchi ziseme. Mchezaji anayetoka nchi nyingine anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa hata kama ni wa ridhaa. Bila hiyo hata usajili wa ndani uliokamilika hausaidii.

Hijabu na hereni?

Vazi la kichwa linaruhusiwa tangu 2014: liwe jeusi au rangi kuu ya jezi, timu nzima rangi moja, libane kichwa na lisishonwe kwenye jezi. Hereni haziruhusiwi hata zikifunikwa kwa plasta. Mtoboe masikio msimu ukiisha.

Mvua imekatisha mechi dakika ya 70. Inaendelea au inaanza upya?

Sheria ya 7 inasema mechi iliyovunjika inarudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano ziseme vingine. Ligi nyingi za kanda zimeandika vingine, zikimalizia dakika zilizobaki kesho yake asubuhi ili wageni wasirudi mara ya pili. Kabla hamjaondoka uwanjani, kamisaa, mwamuzi na manahodha wote wawili waandike na kusaini: dakika, matokeo, mpira ulikuwa wa nani na wapi, waliokuwa uwanjani kwa namba za jezi, kadi zote, na mabadiliko yaliyobaki kwa kila upande. Kesho asubuhi kila benchi litakuwa na kumbukumbu yake.